Nawezaje kupiga picha ya Mustang iliyo mwendoni bila ionekane imeegeshwa?

Kijana wa Pasiansi
Wakuu, habari za jioni. Kuna mzee hapa Mwanza ana Ford Mustang ya mwaka 1967 yenye injini ya V8, ambayo kila Jumapili asubuhi huizungusha eneo la Capri Point, kando ya Ziwa Victoria, naye ameniruhusu kuipiga picha ikiwa mwendoni. Jumapili iliyopita, saa tatu, nilisimama upande wa mlima ili ziwa liwe nyuma ya gari, nikaweka kasi ya shata 1/500, yaani kamera ipokee mwanga kwa sehemu hiyo tu ya sekunde. Picha zilitoka safi, hata farasi wa kwenye grili anaonekana, lakini gari ni kama limeegeshwa. Niliposhusha hadi 1/30, nyingine zikawa ukungu mtupu na nyingine nyeupe pe. Nakosea wapi?

Fundi Lenzi
Mkuu, 1/500 inagandisha rimu, na rimu zikiganda, gari limesimama. Gari la kilomita 40 kwa saa husogea kama sentimeta 37 ndani ya 1/30 ya sekunde, na tairi lake, lenye mzingo wa takriban mita 2, huzunguka karibu moja ya tano ya duara. Huo ndio mzunguko unaoutafuta. Hata hivyo usianzie huko: anza na 1/125, ukizoea shuka 1/60.

Elekeza vidole vya miguu pale gari litakapokuwa mbele yako, bana viwiko mbavuni, kisha lifuate kwa kugeuza kiuno tangu likiwa mbali, ukishikilia sehemu moja tu ya bodi (mimi huchagua kitasa cha mlango) katikati ya fremu. Ukishabonyeza, endelea kugeuka, kwa maana wengi husimamisha mwili pamoja na kidole na picha huharibikia hapo hapo.

Weupe unatokana na jua. Kwa ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga) juani, f/16 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikikua, tundu hupungua) huhitaji shata ya kama 1/100. Kwa 1/30 utahitaji tundu dogo kuliko f/22, ambayo ndiyo mwisho wa lenzi nyingi. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au funga kichujio kinachopunguza mwanga mara 8.

Mama Igombe
Mwanangu, tatizo lako lingine ni ziwa lenyewe. Maji yaliyotulia hayana kitu cha kuvutika kuwa mistari, hivyo hata ukigeuza kamera vizuri mwendo hauonekani. Vuka barabara, ziwa likae mgongoni kwako, upate yale mawe makubwa na mashina ya miti nyuma ya gari. Mazoezi fanyia Hiace za barabara ya Makongoro, zinazopita bila kukoma. Siku yangu ya kwanza pale nilipiga picha 100 nikabakiza 6, na nilizifurahia mno.

Kijana wa Pasiansi
Shikamoo mama, nashukuru sana. Fundi, je, kitulizaji cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, nikizime?

Fundi Lenzi
Kama lenzi ina swichi ya hali ya 2, ile ya kufuata kitu kinachopita, weka hapo, kwa kuwa itatuliza mtikisiko wa juu na chini tu na kukuacha ugeuke. Kama haina, kizime.