Mall imekufa mtaani kwetu Ohio, mwekezaji anataka kujenga godauni, tudai nini?

Kibo_Ohio: Wakuu habarini. Niko kitongoji cha Cleveland, mall yetu imebaki saluni, duka la viatu na wazee wanaokuja kutembea asubuhi sababu ndani kuna joto. Manispaa wameita kikao cha wakazi, mwekezaji anataka kuvunja. Naogopa yasitukute ya North Randall, ile Randall Park Mall ilifunguliwa 1976 ikatangazwa kubwa kuliko zote duniani, JCPenney, moja ya maduka yake makubwa, wakaondoka 2001, ikafungwa 2009, ikavunjwa, na 2018 Amazon wakafungua godauni palepale. Ajira zipo ila mama mwenye watoto hana shughuli pale tena. Msaada jamani.

Mzee wa Fremu: Kwanza ulizeni ardhi ni ya nani. Huko Marekani yale maduka makubwa yanayokaa kwenye ncha za mall, kama hao JCPenney, mara nyingi yana jengo lao na paking yao, so mwenye mall hata awe na mipango mizuri vipi hagusi kipande cha mwenzake mpaka waelewane, ndo maana magofu yanakaa miaka. Halafu wenye fremu ndogo wengi mikataba yao inasema duka kubwa likitoka wanapunguziwa kodi au wanaruhusiwa kuhama, sasa likitoka moja tu mapato yanaporomoka kote.

DadaAustin: Msikubali kuambiwa godauni au pori! Huku Austin, Texas, Highland Mall ya 1971 ilipodorora, Austin Community College wakainunua kidogokidogo, JCPenney ya zamani wakaigeuza ukumbi wa kusomea wenye kompyuta zaidi ya 600, kwenye paking zikajengwa apatimenti. Ila nyumba za bei nafuu ziandikwe kwenye mkataba kabisa, ahadi za kikaoni hazina kazi.

Roysambu_254: Mimi niko Nairobi. Hapa Thika Road Mall (TRM) supamaketi ya Nakumatt walitoka 2017, supamaketi ya Carrefour wakaingia, watu wakarudi, maana matatu za Thika Road zinakushusha hapo hapo. Kwenu basi lipo? Chuo bila usafiri ni cha wenye magari tu.

Kibo_Ohio: Lipo moja, Jumapili halipiti, nitalisema kikaoni. Kesho naenda ofisi ya kaunti kuangalia nani ana kipande kipi. Dada, chuo walipata wapi hela?

DadaAustin: Sehemu kubwa hati fungani, yaani mkopo chuo kinachukua kwa wawekezaji, wapiga kura waliipitisha 2014 na wenye nyumba wanailipa kupitia kodi ya majengo. Mkidai kama hicho waambieni majirani mapema kwamba na wao watachangia.