Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kuruka, kuteleza na kusimama ghafla kwenye magemu ya bunduki?

Mzee wa Kisu
Wakuu, habari za usiku. Nyuzi za kulenga shabaha zimejaa humu, leo naomba tuongelee miguu. Nazungumzia ile mitindo ambayo gemu lenyewe halikufundishi, unaiona kwa mtu ukabaki unajiuliza kapitaje pale. Kila mmoja aseme alijifunzaje na alikwama wapi.

Naanza mwenyewe. Mwaka 2008 niko kidato cha tatu, nashinda kwenye kafe moja Sinza. Kompyuta kumi na mbili zimeunganishwa kwa waya, zote zina Counter-Strike 1.6, shilingi 1,000 kwa saa. Kulikuwa na jamaa tukimwita Fundi. Ramani ikiwa de_dust2, tukiwa upande wa magaidi, anashika kisu na anatokea B, eneo la kutegea bomu, kupitia handaki wakati sisi wengine bado tuko gizani. Ukishika kisu kwenye 1.6 spidi ni 250 kwa kila mtu, sasa yeye anaizidi vipi? Nikaapa kwamba kachezea mafaili. Mwenye kafe akakagua, hakuna kitu.

Basi siku moja sina hela ya kucheza, nikasimama nyuma yake nikawa naangalia vidole badala ya skrini. Ndipo nikaona. Akiwa hewani, kidole chake cha kati kimeinuliwa kabisa, hakigusi W, kitufe cha kwenda mbele. Mimi mwaka mzima nilikuwa nakandamiza W kama nasukuma gari bovu.

Maelezo yake nilikuja kuyapata baadaye. Ukiwa hewani gemu haliangalii spidi yako yote, linaangalia tu una spidi kiasi gani kuelekea upande unaobonyeza. Ukibonyeza W, linaona huku mbele tayari una ya kutosha, halikupi kitu. Ukibonyeza A (kitufe cha kushoto) huku unazungusha mausi kushoto taratibu, linaona upande ule huna spidi, linakuongezea kidogo, fremu hadi fremu. D (kitufe cha kulia) na mausi kulia vivyo hivyo. Hiyo kasoro imetoka kwenye Quake ya 1996. Half-Life ilijengwa juu ya msimbo wa programu wa Quake, Counter-Strike ikazaliwa ndani ya Half-Life, kwa hiyo mjukuu karithi kigugumizi cha babu.

Jambo la pili ni kutua. Miguu ikigusa chini msuguano unaanza kula spidi, lazima uruke papo hapo. Kwa spesibaa nilikuwa napatia mara moja kati ya kumi. Fundi aliweka kuruka kwenye gurudumu la mausi, analisokota kabla tu ya kutua, amri zinakwenda nyingi na mojawapo inaangukia pazuri. Ilinichukua Jumamosi za miezi miwili. Siku nilipounganisha miruko mitatu nilipiga kelele mpaka nikatolewa nje.

Halafu nikajua kumbe kuna kikomo: ukiruka huku umezidi mara 1.2 ya spidi ya silaha yako, gemu linakukata spidi. Kwa kisu ni 300. Ndiyo maana Fundi hakuwa anaruka ovyo, alikuwa anapima.

Njia Panda
Duh. Mimi ndiyo kwanza nasikia habari ya kuachia W. Nilikuwa nalaumu kibodi.

Mkimbizi wa Roysambu
Hongera Mzee, lakini mimi naleta ya kinyume. Nilijifunza hiyo miruko kwenye Counter-Strike 2 muhula mzima, nikawa naruka vizuri sana na kufa vizuri sana. Nafika mapema, nakufa mapema. Rafiki yangu wa hosteli akaangalia rekodi ya mechi yangu dakika tano tu, akaniambia, "Wewe unafyatua ukiwa bado unateleza."

Kwa wasiojua: ukiachia D mhusika wako hasimami pale pale, anaserereka kidogo, na risasi zote za wakati huo zinatawanyika. Dawa ni kuachia D na kugusa A kidogo. Hiyo inakukata mwendo, unafyatua, unaendelea. Ni breki. Ukisikia watu wanasema, inaonekana ya mtoto mdogo, ila mimi vidole vyangu vilikuwa vimezoea kushika zote mbili kwa pamoja au kuacha pengo katikati.

Nilifanya hivi: naingia ramani tupu, nachagua alama ukutani, nakwenda ubavu, breki, risasi moja. Nikikosa alama najua nimefyatua mapema. Dakika ishirini kila usiku kabla ya mechi, bila muziki, kwa sababu nilitaka kusikia vitufe. Mpangilio ukikaa sawa unasikika: kitufe, kitufe, mlio. Kwa wiki tatu hivi nilikuwa mbaya kuliko nilipoanza, nusura niache.

Kichekesho ni kwamba mwaka 2024 zilitoka kibodi zinazokufanyia hiyo breki zenyewe. Nikaweka akiba, nikaagiza. Agosti mwaka huo huo Valve, wenye Counter-Strike, wakatangaza kwamba kwenye seva zao ukigundulika unatumia hiyo kitu unatolewa kwenye mechi. Ninayo hapa, naiandikia assignment.

Kidole Gumba
Nyie wa kompyuta mna vitufe, sisi wa simu tuna vidole viwili na jasho. Niko Mwanza, nacheza Call of Duty: Mobile tangu ilipotoka 2019. Shida yangu ilikuwa moja: kidole gumba cha kulia ndicho kinageuza macho, ndicho kinaruka, ndicho kinafyatua. Ukiruka huwezi kugeuka, ukigeuka huwezi kufyatua.

Nikahamia vidole vinne. Vya shahada vinakaa juu ya simu, cha kushoto kinafyatua, cha kulia kinaruka na kuteleza, gumba zinabaki na kutembea na kuangalia. Siku nne za kwanza nilikuwa nazima mechi kwa bahati mbaya. Sasa nateleza, naruka kutoka kwenye mtelezo, nafyatua nikiwa hewani, na macho hayajaganda. Ushauri wangu: usihamishe vitufe vyote siku moja. Mimi nilihama kimoja kila wiki.

Na poda kidogo kwenye vidole, msicheke.

Mie wa Muscat
Assalaam aleykum jamaani. Mie nlianza Apex Legends nikiwa Unguja, pingi yangu (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) hata sitaki kuikumbuka. Kwenye kupigana ana kwa ana siwezi kushinda, naona mtu kishanipiga na mie bado nshika bunduki. Lakini nkagundua kitu. Kutembea kunahesabiwa kwanza kwenye mashine yako mwenyewe, seva inathibitisha baadae. Risasi zangu zikichelewa, miguu yangu inanitii hapo hapo. Nkasema basi, ntajifunza miguu, nsipatikane.

Nlianza na kudunda ukutani. Unateleza, unaruka kuelekea ukuta, na ule wakati unaugusa tu unaruka tena. Ukichelewa kidogo mtu wako anaanza kuparamia ukuta kama paka, na hapo ushakufa. Nlikaa uwanja wa mazoezi siku nzima ya Ijumaa, ukuta mmoja tu.

Kisha ile ya kukata kona hewani. Hapa Mzee wa Kisu utanisamehe, maana ni kinyume na yako: W unaiweka kwenye gurudumu la mausi na ukiwa hewani unaisokota, ndo inakugeuza kwa ghafla. Mwaka 2021 wenye gemu, Respawn, wakatangaza wanaiondoa. Mie niko wiki ya tatu ya kujifunza! Baadae wakaahirisha. Leo niko Muscat, seva za Ghuba ziko karibu, na tabia ya kukimbia haijantoka. Wenzangu wananiita mkimbia deni.

Dada Roketi
Mzee wa Kisu, maelezo yako ni mazuri ila usiwaambie watu W ni mwiko kila mahali. Kwenye Quake III Arena, ya 1999, W unaishika pamoja na A au D, halafu mausi ndiyo inatafuta pembe. Mwendo wa kawaida ni 320, na ukiipata pembe unapita hapo kila mruko. Mimi niliyekuja nikiwa nimezoea mtindo wenu niliteseka, mkono unaachia W wenyewe.

Nilijifunzia kwenye kompyuta ya kaka yangu, Arusha, kwa kutumia DeFRaG, nyongeza ya Quake III ambayo haina vita kabisa, ni kukimbia dhidi ya saa. Huko ndiko nilikoelewa kwamba tatizo langu ni kuzungusha mausi haraka mno. Nilikuwa nafikiri spidi inatoka kwenye fujo. Nilipopunguza, nikaanza kupita mahali nilipokuwa naanguka.

Kitu ambacho hakuna aliyekisema: kiganja. Nilikuwa nafanya saa tatu mfululizo, kifundo cha mkono kikaanza kuuma hadi kufungua chupa ya maji ni shida. Nilipumzika miezi miwili. Nikarudi natumia mkono mzima kuanzia kiwiko, meza nimeishusha. Wadogo zangu, maumivu yakianza siku hiyo zima kompyuta, usisubiri kesho.

Njia Panda
Dada, swali. Laptop yangu ni ya zamani, haina kadi maalum ya picha (GPU). Naanzia wapi?

Dada Roketi
OpenArena. Ni ya bure, imejengwa juu ya msimbo wa Quake III uliofunguliwa kwa umma 2005. Ingia peke yako, ondoa maadui, ruka tu.

Mkimbizi wa Roysambu
Mzee, huyo Fundi bado anacheza?

Mzee wa Kisu
Hapana, anauza vipuri vya pikipiki. Nimemtumia uzi huu mchana. Kajibu kwamba hakumbuki habari ya W, anavyojua yeye alikuwa anakimbia kama watu wengine.

Njia Panda
Wakuu, mrejesho. OpenArena nimeishusha jana. Kuna pengo nimelijaribu mara arobaini hivi, nimevuka mara moja. Sijui hata nilifanya nini tofauti. Nilikuwa najiandaa kurudia, umeme ukakatika.