Mzee Ojwang' na lafudhi yake: kicheko kile kilituunganisha au kilitufundisha kudharauliana?

Wenzangu, nina hoja na ninaomba tuijadili bila matusi.

Juzi mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 20, alinionyesha kwenye simu kipande cha zamani cha Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Kenya. Mzee Ojwang' alikuwa anagombana na mkewe, Mama Kayai, na mimi nikaanza kucheka kabla hata ugomvi haujashika moto. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Mjomba, mnachekea nini hasa? Maneno yake, au Mjaluo asiyeweza kutamka 'sh'?" Nikamjibu haraka haraka kwamba mwigizaji yule si Mjaluo, ni Mkikuyu, jina lake Benson Wanjau. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Tangu siku hiyo sijatulia. Nimegundua kwamba kila kipande cha Vitimbi au Vioja Mahakamani kinapozunguka kwenye simu, mabishano ni yale yale. Wapo wanaosema huo ndio ulikuwa ucheshi safi wa familia na urudishwe hewani wote kama ulivyokuwa. Wapo wanaosema ulitulea kuyacheka makabila, na kwa nchi iliyopitia tuliyopitia, kanda hizo zikae kabatini. Mimi nasema zirudishwe, tena bila kukatwa hata dakika moja. Lakini nina doa moja katika msimamo wangu, na nitalitaja.

Kwa walio wadogo na walio nje ya Kenya: vipindi hivi vilitoka Sauti ya Kenya, tuliyoiita VoK, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa KBC. Mpaka kituo cha binafsi cha KTN kilipoanza mwaka 1990, televisheni ilikuwa moja tu, ya serikali. Hapakuwa na pa kuhamia. Waziri na mpishi wake, Mkamba na Mmeru, wote walitazama kipindi kimoja kwa wakati mmoja, na kesho yake kazini wakasimuliana kile kile. Vioja ilikuwa mahakama ya vichekesho: hakimu Lensio mezani, na kizimbani akina Ondiek na Makokha wakijitetea kwa uongo unaowafunga wenyewe. Vitimbi ilikaa nyumbani, kwa Mzee Ojwang' na mkewe, na watu wanaoingia na kutoka na mashauri yao. (Kwenye kamusi kitimbi ni hila, visa vya kumtatiza mwenzako. Kwa sisi tuliolelewa na kipindi hicho, neno limebaki na maana ya kichekesho tu. Kipindi kilipokonya neno ukali wake.)

Mimi nilikulia Nakuru, nyumba za wafanyakazi wa reli. Mstari wetu wote ulikuwa na televisheni moja, Great Wall ya picha nyeusi na nyeupe, na mwenyewe alikuwa fundi wa mabehewa, Mjaluo wa Kisumu. Watoto tulikaa chini sakafuni, wazee kwenye viti, na mmoja wetu alitumwa nje kuzungusha mti wa antena huku wa ndani wakipiga kelele, "Hapo! Hapo hapo, usiguse!" Fundi yule alimpenda Ojwang' kama ndugu wa kwao. Siku aliyoambiwa kwamba mtu huyo ni Mkikuyu alikataa katakata. Baba yangu, Mkikuyu wa Nyandarua, alicheka mpaka akatoa leso. Nakumbuka fundi alivyomgeukia na kumwambia, "Basi huyu tumewaibia, na hatumrudishi kwenu."

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Benson Wanjau, Mkikuyu, ndiye Ojwang'. Mary Khavere, Mluhya, ndiye Mama Kayai. Hao ndio mume na mke wa Kijaluo waliojulikana kuliko wote nchini, na katika wawili hao hakuna Mjaluo hata mmoja! Kando yao alikuwapo Masanduku arap Simiti, jina la Kikalenjin lililobeba masanduku na saruji ndani yake. Waliotunga ucheshi ule walijua wanachokifanya. Lafudhi kwao ilikuwa vazi, na kila mtu aliweza kulivaa la mwenzake.

Mpwa wangu anasema kulivaa vazi la mwenzako ili uchekwe ndiyo dhambi yenyewe. Anaona Mkikuyu anayemwiga Mjaluo mbele ya taifa zima, katika nchi ambamo makabila haya mawili yamevutana siasa tangu uhuru. Namwelewa. Lakini mtazame mhusika mwenyewe. Ojwang' ni baba mwenye nyumba. Ni mbishi, ana kiburi, anapenda mambo makubwa kuliko mfuko wake, na anapoumbuliwa anaumbuliwa na mkewe kwa akili yake mke. Ondoa lafudhi, na kichekesho bado kinasimama: mzee anayedhani anatawala nyumba ambayo haitawali. Kila kabila lina mzee huyo. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Anayemwiga mtu ili amdhalilishe humwiga dakika mbili na kumtupa. Wanjau alikaa ndani ya Ojwang' miaka mingi kiasi kwamba alipofariki Julai 2015, nchi ilitangaziwa kwamba Mzee Ojwang' ametutoka, na jina alilopewa na wazazi wake likafuata nyuma kama maelezo.

Najua mtakaponijibu mtanitajia 2008, machafuko ya kikabila yaliyofuata uchaguzi. Nami siikwepi, kwa sababu ilipita mlangoni kwetu. Moto ulipofika Nakuru mwezi Januari mwaka ule, fundi alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao, lakini wanawe wawili waliokuwa bado wanafanya kazi mjini walilala kituo cha polisi siku kadhaa kabla ya kupanda lori kuelekea magharibi. Vijana waliowafukuza walikuwa wamemtazama Ojwang' utotoni kama mimi. Wengine, sina shaka, walikaa kwenye sakafu ile ile. Kicheko hakikuwazuia. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaotetea vipindi hivi kwa kudai vilituunganisha na hapo ndipo wanapoishia. Kama vilituunganisha, fundo lilikuwa jepesi.

Hata hivyo, tujiulize chuki ile ilizungumza lugha gani. Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko hayo na kuhesabu vifo 1,133, ilizitaja redio za lugha za mama miongoni mwa zilizochochea. Redio hizo nyingi zilikuja kuanzia mwaka 2000, wakati ambapo kila jamii ilipata masafa yake. Ndani ya masafa hayo hakukuwa na lafudhi ya kuchekesha. Kulikuwa na lugha fasaha, mafumbo yaliyokomaa, na msikilizaji aliyejua kwamba jirani yake hasikii kinachosemwa juu yake. Ojwang' alisemwa kwa Kiswahili, sebuleni, Mjaluo akiwa amekaa hapo hapo na mwenye televisheni akiwa yeye. Dhihaka inayotamkwa mbele ya mwenyewe ina breki. Inayotamkwa mlango ukiwa umefungwa haina. Mimi nikiambiwa nichague ya kuogopa, sitaanza na Vitimbi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalijui. Enzi zile rais hakuigizwa. Televisheni ilikuwa ya serikali na kila aliyepanda jukwaani alijua mpaka uko wapi, ndiyo maana ucheshi wote ulibanwa nyumbani, sokoni na kizimbani. Ni mwishoni mwa miaka ya tisini ndipo kundi la Redykyulass likatokea, Walter Mong'are aliyejulikana kama Nyambane, Tony Njuguna na John Kiarie, wakaiga sauti ya Rais Moi mwenyewe akiwa bado Ikulu. Siku nilipomwona Nyambane na lile rungu la Moi nilishtuka, nikaangalia mlango kwanza kabla ya kucheka. Lafudhi ilikuwa imepanda ngazi. Kumbe tatizo halikuwa kuiga. Tatizo ni kwamba kwa miaka yote ile tuliruhusiwa kuwaiga wanyonge peke yao.

Na hapa nafika kwenye doa langu.

Vitimbi naitetea kwa moyo wote. Vioja Mahakamani inanipa shida. Ikumbukeni vizuri ile mahakama. Hakimu anazungumza Kiswahili kilichonyooka. Anayezungumza Kiswahili cha kuvunjika ni mshtakiwa. Wiki baada ya wiki, lafudhi ya kwao mtu ilisimama kizimbani, na Kiswahili sanifu kikaihukumu. Hakuna aliyetuambia kwa mdomo kwamba mwenye ulimi mzito ndiye mwizi, lakini mtoto hujifunza kwa macho. Haya yalituingia sisi wa bara vibaya zaidi, kwa kuwa kwa sikio la Mombasa au Lamu sote tulikuwa tunaivunja lugha, hakimu na mshtakiwa pamoja.

Nafundisha Kiswahili shule ya upili kwa miaka 17 sasa. Miaka yangu ya mwanzo, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na mvulana Mjaluo kutoka Siaya, hodari wa insha kuliko wote kidato cha pili. Siku moja nilimwomba asome insha yake mbele ya darasa. Alipofika kwenye neno "shida" akasema "sida", na sauti kutoka nyuma ikaita, "Ojwang'!" Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nilitabasamu. Nawaambia ukweli, nilitabasamu, kwa sababu nilimpenda Ojwang' na jina lake lilinikumbusha sakafu ya Nakuru. Mvulana yule alimaliza kusoma kwa sauti ya chini, akakaa, na mpaka anamaliza kidato cha nne hakuinua tena mkono katika somo langu. Insha zake ziliendelea kuwa nzuri. Sauti yake sikuisikia tena.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria hoja zote nilizoandika hapo juu. Darasani hapakuwa na zamu. Kwenye Vitimbi alichekwa Ojwang', kisha akachekwa Masanduku, na Mama Kayai akawapiku wote. Kila sebule ilipata siku yake ya kuchekwa. Darasani alichekwa mmoja, na waliomcheka walikuwa 43, nao hakuna aliyewauliza kwa nini wanasema "rori" wakitaka kusema "lori", au "papa" badala ya "baba". Kichekesho kilitolewa kwenye kipindi, kikaachwa bila watu wake, kikageuka jiwe. Je, kosa ni la kipindi au ni la mwalimu aliyetabasamu? Mpwa wangu anasema ni la vyote viwili. Mimi najua tu sehemu yangu.

Bado nataka vipindi virudi. Nataka virudi vyote, vikiwa vizima, kwa sababu hivi vipande vya sekunde 30 vinavyozunguka kwenye simu vimefanya kile kile kilichofanyika darasani kwangu: vimemtoa Ojwang' nyumbani kwake na kubakisha ulimi. Mtoto wa leo anayeona kipande peke yake hana namna ya kujua kwamba baada ya dakika kumi mzee yule atamwomba mkewe msamaha. Akikaa na kipindi kizima ataona pia mambo yasiyopendeza, wanawake wanavyosemwa, mlinzi na mpishi wanavyotoka jamii zile zile. Ayaone. Tubishane naye akiwa ameyaona.

Sharti langu ni la malipo, na hapo sina subira. Katika miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua Mzee Ojwang', na ilibidi wananchi wachange ili atibiwe. Mtu aliyeichekesha nchi nzima kwa kizazi kizima! Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inayotambua haki za waigizaji, na kimekuwapo chama cha waigizaji, PRISK, cha kukusanya mirabaha yao. Kipindi kikirudi hewani na tangazo likawekwa katikati yake, fedha zifike kwa walioigiza au kwa watoto wao. Anayesema "vipindi vile ni urithi wetu sote" aanze kwa kulipa wenye urithi.

Sasa nawaachia uwanja. Mnaoniambia nimezeeka na ninatetea utoto wangu, semeni, ila nijibuni pia kuhusu redio zile. Mliokaa kwenye sakafu kama yangu, nambieni mliona nini. Lakini ninaongoja majibu yao hasa ni ninyi mlioitwa "Ojwang'" shuleni, au "Makokha", au "Ondiek", na hayakuwa majina yenu. Je, mnakitaka kipindi hicho kirudi?