Naombeni ushauri: nampeleka mama hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma sijawahi kulala hata siku moja, tufikie wapi?

mtoto_wa_itigi:
Habarini wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi niko Itigi, Dodoma naijua ya dirisha la basi tu nikipita kwenda Moro. Sasa mama ana rufaa ya Benjamin Mkapa tarehe 20 mwezi huu wa tano, na tumeambiwa tujiandae kukaa siku nne mpaka tano sababu ya vipimo. Mama ana miaka 71, magoti yamechoka, ngazi hawezi, na choo cha kuchuchumaa ndio usiseme, akichuchumaa mpaka umnyanyue. Mdogo wangu yupo Dodoma ila kapanga chumba kimoja na mke na watoto wawili, na mama kashasema yeye hawezi kulala chumba kimoja na mkwe wake hata mkiweka pazia tatu.

Bajeti ni elfu 40 kwa siku, ikizidi sana 50. Kuna hoteli moja nimeiona mtandaoni picha zake kali balaa, shuka nyeupe, taulo zimekunjwa kama bata, iko mjini kabisa, elfu 45 pamoja na chai asubuhi. Nikampigia mhusika akasema nitume nusu leo leo la sivyo anatoa chumba. Nitume? Na bora mjini au karibu na hospitali? Halafu AC ni lazima huko au feni inatosha?

mgogo_wa_chilonwa:
Mbukwenyi! Usitume hata mia. Bata wa taulo hakuambii kama choo ni cha kukaa. Mpigie tena umwambie akutumie video, siyo picha, aanze getini atembee mpaka kitandani bila kukata, aingie na bafuni afungue bomba. Akianza kusema simu yake haina chaji ujue chumba hana, au anacho ila siyo hicho.

dada_wa_kisasa:
Pole na kuuguza mdogo wangu. Mimi nilimuuguza baba hapo Mkapa mwaka juzi kwahiyo nakwambia kitu nimekipitia. Mkapa haipo mjini, iko kule kwenye maeneo ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na UDOM ni kubwa kama wilaya. Ukilala mjini kila asubuhi unahangaika na usafiri na mgonjwa ambaye pengine kaambiwa asile kitu kabla ya vipimo, ana njaa, magoti yanauma, bajaji inaruka matuta. Tafuta lodge upande wa Iyumbu au Ng'ong'ona, ikishindikana Kisasa. Sisi siku mbili za kwanza tulilala mjini kwa ushamba tu, siku ya tatu nikahamisha mizigo.

Na kitu kingine, ukipanda bajaji usiseme "hospitali ya rufaa", utapelekwa General ambayo ni ya mkoa na iko mjini. Sema Mkapa.

mzee_wa_stendi:
Nampinga dada hapo juu kidogo. Lodge za kule pembeni nyingi zimejengwa kwa ajili ya mtu mwenye gari. Saa mbili usiku mgonjwa anataka uji au umesahau dawa, unatoka getini ni kiza na mbwa. Mjini ukitoka tu una duka la dawa, una mama ntilie, una kila kitu. Mimi Dodoma naijua tangu stendi iko katikati ya mji, ulikuwa unashuka na begi lako unaingia gesti ya kwanza unayoiona, asubuhi uko barabarani. Sasa hivi stendi ni kule Nanenane, Nzuguni, na serikali ilivyoanza kuhamia 2016 mji umetawanyika, wizara ziko Mtumba, chuo kule, Bunge huku, mgeni akisema "nataka hoteli Dodoma" ni sawa na hajasema kitu.

dada_wa_kisasa:
Mzee shikamoo. Ukisema hivyo mwenyewe unanipa pointi, mji umetawanyika kwahiyo alale panapomhusu. Uji atabeba chupa ya chai na jagi la umeme, wengi tunaouguza tunafanya hivyo.

mzee_wa_stendi:
Marahaba. Jagi la umeme ndani ya chumba wakikukamata wanakutoza lakini haya.

mstaafu_mlimwa:
Nyie wote mmesahau tarehe. Mwezi wa tano ni Bunge la bajeti, linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni. Wabunge karibu 400, kila mmoja na dereva, halafu wizara inapowasilisha bajeti wanakuja maofisa na taasisi zake, na wageni wa kukaa kule juu kupiga makofi. Vyumba vya katikati ya mji, Area C, Area D vinajaa na bei inapanda bila aibu, chumba ulichokilipia elfu 40 Februari unaambiwa 60 na mtu hakuangalii usoni. Kwahiyo huyo wa bata anaweza akawa kweli ana watu wanaosubiri, ila bado usitume hela kwa mtu usiyemjua. Ukilazimika kulipa kabla, lipa kwenye lipa namba yenye jina la hoteli, siyo namba ya mtu, na usiku mmoja tu. Mgonjwa anaweza akalazwa siku ya kwanza, hizo nne zilizobaki nani anakurudishia?

Angalizo kwa wazee: kama baba yako anapenda historia mlete siku nyingine Dodoma Hoteli pale mbele ya stesheni ya zamani ya reli, jengo la tangu enzi za Mjerumani, anywe chai tu. Kulala ni habari nyingine.

mtoto_wa_itigi:
Baba alishatangulia mzee wangu, ila asante sana. Hilo la Bunge sikulifikiria kabisa.

zabibu_chungu:
AC ya nini mwezi wa tano? Jioni kuna upepo unakata masikio, mletee mama blanketi lake na soksi. Cha kuuliza ni maji ya moto, yanatoka wapi. Kuna vyumba vina kile kihita cha kwenye bomba la mvua, umeme ukikatika mama anaoga maji ya baridi au haogi. Uliza kama wanachemsha wakaleta ndoo. Na uliza tenki, maji ya mgao Dodoma ni wimbo wa taifa. Ukikuta sabuni haitoi povu usidhani ni feki, ni chumvi ya visima.

Halafu uliza kama kuna baa chini au jirani. Hili hawakwambii. Ijumaa spika zinapigwa mpaka kitanda kinatembea chenyewe.

kijana_wa_makole:
Mwambie bro alale kwa jirani siku tano mama apate nafasi, mnajitafutia gharama.

mtoto_wa_itigi:
Bro akilala kwa jirani, mkwe si anabaki humo humo ndani na mama? Soma mkuu.

bajaji_dom:
Mimi nashangaa kitu kimoja. Una mdogo wako wa damu yuko Dodoma halafu unatuuliza sisi kama taulo za bata ni za kweli? Mpe nauli ya bajaji Jumamosi aende mwenyewe akaone, akae juu ya kitanda, aflashi choo. Sisi madereva tunapeleka wageni kila siku, tunajua lodge gani mgeni anashuka akicheka na ipi anarudi kwenye bajaji kabla sijageuza, lakini na sisi wengine tunapewa chochote na wenye lodge tukimpeleka mtu, nakuambia ukweli. Jicho la ndugu haliongwi.

mgogo_wa_chilonwa:
Bajaji umemaliza kikao.

mtoto_wa_itigi (mrejesho):
Wakuu nimerudi, samahani kwa kukaa kimya. Nilimtuma mdogo wangu Jumamosi kama mlivyosema, akazunguka sehemu tano. Ile ya bata ipo kweli na taulo kweli zimekunjwa ila chini ni stoo na maduka, vyumba vinaanzia ghorofa ya kwanza, ngazi nyembamba mtu akishuka unampisha kwa ubavu, lifti hamna. Na ilikuwa siyo 45 tena, 60 kwa ajili ya Bunge. Ningetuma hela ingekuwa kilio.

Akapata moja upande wa Iyumbu, chumba cha chini, selfu, choo cha kukaa, elfu 35, akaongea nao tukakubaliana 30 kwa siku tano na tunalipa kila asubuhi. Shida ilikuwa moja, kizingiti cha bafuni kimepanda. Akapiga picha ya kizingiti na kiatu chake pembeni ili nione urefu, kama tofali moja hivi la kulaza. Nikamuonyesha mama akaangalia weee akasema hapo napita nikishika ukuta. Wakatupa na kiti cha plastiki cha kuweka bafuni anaoga amekaa, hicho hakikuwepo kwenye picha wala kwenye bei, nimeomba tu.

Mapungufu yapo. Maji yalikata usiku wa pili tukaletewa ndoo. Chai ya asubuhi ni chapati moja na yai, mama akawauliza kwa upole hivi hapa kuku wameacha kutaga. Taa nyekundu ya tivii ilimnyima usingizi, nikaamka usiku nikakuta kaifunika na kitenge chake, nikadhani kuna mtu kasimama ukutani, nusu nipige kelele. Dada wa Kisasa jagi la umeme limetusaidia sana, mzee wa stendi usituchongee.

Vipimo vimekwenda vizuri, kapewa dawa, tumepangiwa kurudi tarehe 6 mwezi wa nane. Mama kasema tufikie pale pale, kizingiti ameshakizoea.

mstaafu_mlimwa:
Tunamshukuru Mungu kwa vipimo. Ila tarehe 6 Agosti ni wiki ya maonesho ya Nanenane hiyo, wakulima na wenye mabanda wote wako Nzuguni. Piga simu ushike chumba leo.

mtoto_wa_itigi:
Duh. Napiga sasa hivi.