Naomba ushauri: fikra ya "nikikosa siku moja, wiki imeharibika"

Hamjambo wapendwa. Nasaidia kikundi cha watu wanaoanza kukimbia hapa Nairobi, na fikra hiyo imetushinda kuing'oa. Mvua ikinyesha Jumanne jioni, au matatu ikwame Thika Road hadi saa mbili usiku, mtu hukosa zoezi moja tu, kisha haonekani hadi mwezi ujao. Shida si mwili, maana pumzi haipotei kwa siku mbili.

Kila mmoja ana mpango wa "ikiwa, basi": ikiwa nimefika nyumbani usiku, basi nafanya skwati na pushapu dakika kumi kabla ya kukaa. Wengi wanazidharau dakika hizo, eti si mazoezi, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na unapendekeza pia mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki. Pia wana daftari la kuandika wazo lenyewe, ushahidi wa kuliunga mkono, wa kulipinga, na sentensi iliyo ya haki zaidi. Linasaidia kweli, ila siku mtu amevunjika moyo, ndiyo siku asiyolifungua.

Naomba mnisaidie mawili. Tukiacha siku maalum, tuseme "mara tatu kwa wiki, siku yoyote", itapunguza fikra hii au watasukuma zote hadi Jumapili? Na aliyepotea wiki mbili, mnamwandikia ujumbe gani usiomwongezea aibu?

Natanguliza shukrani.