Uzi wa walioandika SOP (maelezo ya kwa nini unaomba chuo) wakachemka: tupeane uzoefu

Mleta uzi
Wakuu, msimu wa kuomba masta nje unanukia, na PM zimejaa "nitumie SOP yako niione". Nikituma utaiga tu. Tusimuliane tulivyoandika, hasa pale tulipochemka.

Naanza. Mimi niliomba uhandisi wa maji, Uholanzi. Rasimu yangu ilifunguka hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa na maji." Kaka mmoja wa kazini akaisoma, akacheka hadi akaweka chai chini. "Shauku na maji? Wewe kambale?" Akaniambia, mbona huandiki kile kisima cha Singida?

Kweli. Tulichimba, maji yakatoka safi kwa macho, vipimo vya floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, vikarudi juu mno ya kile kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Pampu ikafungwa kufuli, akina mama wakarudi na ndoo zao korongoni. Hiyo ndiyo ikawa aya ya kwanza. Ya pili ikawa swali: mkaa wa mifupa unaochuja floraidi, unachoka baada ya lita ngapi, na mwanakijiji atajuaje kuwa umechoka?

Kahawa_Chungu
Yangu fupi. Aya ya mwisho niliacha jina la chuo kingine. Ada ya maombi ikaenda hivyohivyo.

Nesi_wa_Zamu
Mimi GPA 3.1 kwa 5, sapu (mitihani ya marudio) mbili mwaka wa pili. Nilijitetea ukurasa mzima: bumu limechelewa, mgomo, sijui nini. Mhadhiri wangu akafuta vyote akaacha sentensi mbili: mwaka ule nilikuwa namuuguza baba, mwaka wa tatu sikushika sapu hata moja. Basi.

Maziwa_ya_Jioni
Salamu kutoka Eldoret. Walioiva kwa Chevening, ule ufadhili wa masta wa serikali ya Uingereza, wanajua wanataka saa 2,800 za kazi, na insha zao si SOP. Mimi nilibandika SOP ya chuo palepale. Swali la uongozi nikalijibu kwa mada ya utafiti! Mwaka uliofuata niliandika jinsi nilivyowazungukia majirani 14 wachange tangi la kupozea maziwa ya jioni, maana yalikuwa yakichacha kabla gari la asubuhi halijafika. Neno "kiongozi" sikuliandika popote. Nikaitwa kwenye usaili.

Kahawa_Chungu
Mkuu wa floraidi, kisima kilikupa nafasi?

Mleta uzi
Hapana, nilikula za uso. Kisima kilikuwa kizuri, ila hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema kwa nini pale na si kwingine. Mara ya pili nilikaa wiki mbili na orodha ya masomo yao na maandiko ya mwalimu mmoja wa usafishaji maji, ndipo nikaonyesha swali langu linaingilia wapi. Hiyo ilikuwa rasimu ya saba. Ile ya kwanza kaka ameichapisha, ipo ukutani ofisini kwake, na kambale amemchora pembeni.