MJADALA: Wanaoenda kuhubiri wanasukumwa na Mungu yupi?

Mleta mada (Mbeya):
Wakuu, heshima kwenu. Juzi Mwanjelwa kulikuwa na mikutano miwili ya injili jioni moja, spika zimeelekezana. Mama mmoja muuza viazi akaniuliza, "Hawa wanamhubiria nani, wakati sote hapa tumebatizwa?" Nikakosa jibu, ndiyo maana nimeileta hapa.

Msimamo wangu ni huu: kanisa linavyomwelewa Mungu ndivyo linavyotoka kwenda kwa watu. Ukimwona kama hakimu ambaye mkono wake uko kwenye komeo, utakimbia na spika na kuhesabu waliookoka. Ukimwona kama Mungu aliyetoka kwake akaja kukaa na watu, nawe utahama, utajifunza lugha yao, utakaa. Yohana 20:21 imelisema wazi: "Kama Baba alivyonituma mimi, mimi nami nawapeleka ninyi." Namna aliyotumwa Mwana ndiyo kipimo.

Chukueni Wamoravian. Mwaka 1732 Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, walitoka Herrnhut, kijiji chao huko Ujerumani, kwenda kisiwa cha St. Thomas, Karibi, kuwahubiria watumwa. (Mimbarani tunaambiwa walijiuza utumwani. Si kweli. Walikuwa tayari hata kwa hilo, lakini haikufika huko. Nitschmann alipata riziki kwa useremala.) Zinzendorf, kiongozi wao, aliwalea katika imani ya Mwanakondoo aliyechinjwa: kama Mungu amejishusha hivyo, hakuna mtu wa chini mno wa kumfuata. Mwaka 1891 watu wa kanisa hilohilo walifika Rungwe kwa njia ya Ziwa Nyasa. Mmoja wao alikufa kwa homa mapema tu. Wenzake hawakugeuza.

Mchangiaji wa Iringa:
Mkuu, umepamba mno. Malizia hadithi ya St. Thomas: misheni hiyohiyo baadaye ilinunua shamba pamoja na watumwa wake. Mwanakondoo hakuwazuia. Na huo mwaka 1891 ndio serikali ya Ujerumani ilipopokea utawala wa koloni letu kutoka kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Huku kwetu Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki kutoka Ujerumani, waliingia Tosamaganga Mkwawa angali hai porini. Mhehe wa siku zile angewezaje kumtenganisha padri na ofisa wa jeshi, wote Wajerumani? Mwaka 1905, wakati wa Majimaji, Askofu Cassian Spiss aliuawa akiwa safarini kwenda Peramiho. Hakuna aliyemuuliza kwanza anaamini Mungu wa namna gani.

Mleta mada:
La shamba ni kweli, na siwezi kulitetea. Waliomhubiri aliyejishusha wakawa mabwana, yaani walisaliti walichokiamini. Lakini kama ni bendera tu iliyokuwa inasukuma kazi, tueleze ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliondolewa, wamisionari wao wakakamatwa, na Waskoti wa Livingstonia, misheni ya ng'ambo ya Ziwa Nyasa, waliokuja kusaidia walikuwa wachache. Huko vijijini Unyakyusa ni walimu na wazee wenyeji walioendelea kufundisha na kusalisha. Bendera imeshuka, bwana hayupo. Walisukumwa na nini?

Mchangiaji wa Tukuyu:
Na shule je? Tusijifanye hatujui. Wengi walifuata kusoma na kuandika, Mungu akaja baadaye.

Mchangiaji mwingine, Mbeya:
Mimi ni mmoja wa hao wa spika, kwa hiyo nijibu. Mleta mada unaongea kama mtu aliyeshiba. Kama kweli unaamini kuna hukumu na jirani yako yuko njiani kuelekea huko, upole wako ni wa nini? Nyumba ikiungua hatuanzi kujifunza lugha ya mwenye nyumba. Na kubatizwa ukiwa mchanga si kuokoka. Huyo mama wa viazi hajui kama yuko salama, na ninyi wa ushirika wake hamjawahi kumuuliza.

Mleta mada:
Hapo umenigusa, kweli hatumuulizi. Nami sikatai hukumu. Nauliza kitu kimoja: mkutano ukifungwa, nani anabaki na walioinua mikono?

Huyo wa spika:
Tunaandika majina na namba za simu, tunawapigia, tunawakabidhi kwa mchungaji wa eneo. Wiki inayofuata timu iko Tunduma. Usione hilo ni kosa. Paulo alikaa Efeso miaka, lakini Thesalonike Matendo 17 inataja sabato tatu tu, na kanisa likasimama.

Mchangiaji wa Iringa:
Na sadaka ya mkutano inabaki na mchungaji wa eneo, au nayo inapanda gari la Tunduma?

Mleta mada:
La sadaka wajibu wenyewe. Thesalonike naikubali nusu. Paulo alifukuzwa kule, hakuhama kwa ratiba. Na aliposhindwa kuvumilia bila habari zao alimtuma Timotheo arudi kuwaimarisha, ipo 1 Wathesalonike 3, kisha akawaandikia. Ninyi mkishafika Tunduma, Mwanjelwa mnamrudisha nani?